Wiki za Katikati: Moyo na Aota ya Mzee Mmoja wa Kibosho

Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha uchunguzi, shati limepandishwa hadi kifuani, na kabla sijamgusa niliona kitovu kikipanda na kushuka. Haikuwa pumzi. Pumzi ilikwenda taratibu, kitovu kilifuata mapigo ya moyo. Nikaweka vidole viwili upande wa kulia wa tumbo na viwili upande wa kushoto, nikabonyeza polepole. Kila moyo ulipopiga, vidole viliachana. Mtu mwembamba anaweza kuhisi aota yake, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ikidunda tumboni na asiwe na tatizo lolote, ila kwake vidole huinuka tu. Vikitengana, ukuta wa mshipa unatanuka.

"Hapo hapo, mwanangu," aliniambia. "Ukigandamiza panachoma mpaka mgongoni."

Hakuja Moshi siku ile kwa sababu ya tumbo. Alikuja kwa sababu ya kifua. Ana miaka 68, dereva mstaafu wa malori ya kahawa, anaishi kihambani kwake Kibosho. Alivuta sigara tangu ujana na aliiacha miaka minne iliyopita. Presha anayo, sukari hana. Mkewe ndiye aliyenieleza vizuri kuliko yeye: kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani mzee alikuwa akipanda bila kusimama. Mwaka huu alianza kusimama kwenye mparachichi wa jirani. Kisha akaongeza kituo kwenye daraja la mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Sasa anasimama mara tatu, mkono kifuani, jasho linamtoka hata asubuhi ya baridi. Mama alikuwa amehesabu vituo vile vyote na hakuna mtu wa afya aliyewahi kumwuliza.

Mgongo nao ulikuwa unauma kwa miezi sita. Zahanati ya kwanza walimpa dawa za maumivu. Mahali pengine walimwambia ni figo, akanywa maji mengi na vidonge. Pa tatu walimpiga picha ya eksirei ya uti wa mgongo, wakasema ni uzee wa pingili. Picha ile aliileta, imo ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo. Niliinua filamu dirishani. Pingili zilikuwa zimechakaa kweli. Lakini upande wa kushoto wa uti wa mgongo kulikuwa na mstari mwembamba mweupe uliopinda kwenda nje, kama ganda la yai lililochorwa kwa penseli. Ile ni chokaa iliyojijenga kwenye ukuta wa aota iliyovimba. Ilikuwa pale kwa miezi minne, ndani ya bahasha, chini ya godoro.

Siwalaumu peke yao. Mimi mwenyewe nilimwona Machi kwa ajili ya presha. Nilimpima akiwa amekaa, nikambadilishia dawa, nikamwambia arudi. Sikumlaza. Dakika moja ya mkono juu ya tumbo ingetupa nusu mwaka.

Mchana huohuo ultrasaundi ilisoma sentimita 6.9. Aota ya tumboni ya mtu mzima ina upana wa takriban sentimita 2. Ikifika 3 tunaiita anyurizimu. Ikiwa haijafika 5.5 kwa mwanamume, na haiumi wala haikui kwa kasi, kuifuatilia kwa vipimo ni salama sawa na kuifanyia upasuaji. Hilo lilithibitishwa kwa tafiti kubwa Uingereza na Marekani. Kuanzia 6 hadi 7, makadirio yanayotumika ni kwamba kati ya wagonjwa 100 kama huyu, 10 hadi 20 mshipa utapasuka ndani ya mwaka mmoja. Hayo ni ya anyurizimu iliyotulia. Yake ilikuwa inauma ukiigusa, na anyurizimu inayouma huhesabiwa kuwa iko njiani kupasuka hadi ithibitike vinginevyo. Ikipasuka, wengi hawafiki hospitali wakiwa hai. Kutoka Kibosho, usiku, sitaki hata kupiga hesabu hiyo.

CT skani ilionyesha kwamba damu haijavuja. Tulipima pia kaswende na VVU, na tukatafuta dalili za kifua kikuu, kwa sababu katika nchi zetu aota inayovimba, hasa kwa kijana, chanzo chake kinaweza kuwa maambukizi, na huo ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine. Kwa mzee vyote vilikuwa safi. Hii ilikuwa kazi ya sigara, presha na umri.

Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo unaolalamika njaa ya damu hata akiwa amepumzika. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ilisema chemba ya kushoto inasukuma asilimia 40 ya damu yake kwa pigo, wakati kawaida ni zaidi ya 50. Nilijua hapo kwamba sina mgonjwa wa aota mwenye moyo mbovu kidogo. Nilikuwa na wagonjwa wawili ndani ya mwili mmoja.

Tulimpeleka Dar es Salaam, kwenye hospitali inayopasua moyo. Safari yenyewe ilitusumbua. Kwa barabara ni karibu saa kumi, na matuta yote yale ya kutoka Moshi hadi Chalinze. Kwa ndege kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ni kama saa moja. Tulichagua ndege. Siku mbili kabla tulishusha presha hadi 110 kwa dawa za kupunguza kasi ya moyo, ambazo kwa bahati zilifaa magonjwa yote mawili. Tulimpa dawa ya kulainisha choo, maana kujikamua chooni hupandisha presha ghafla. Binti yake aliambiwa jambo moja: baba asibebe begi, hata la mkononi. Aliniandikia ujumbe kutoka uwanjani kwamba wamegombana kuhusu kikapu cha parachichi.

Uchunguzi wa mishipa ya moyo ulifanyika siku ya pili. Shina la kushoto, yaani mshipa mfupi unaogawanyika kulisha karibu chemba yote ya kushoto, lilikuwa limeziba kwa asilimia 75, tena kwa chokaa ngumu, kwenye panda yenyewe. Mshipa wa kulia asilimia 80.

Hapa ndipo familia ilipouliza swali ambalo kila familia huuliza: kipi kianze?

Nilieleza kwa simu ya video, wao wakiwa wamekusanyika wodini na mimi nikiwa Moshi. Nilitumia mfongo, kwa sababu wote wamekua wakipangiana zamu za maji. Chukua mfereji ambao kingo zake zimelainika mahali pamoja. Kila maji yanapojaa, pale panatuna. Na kadiri panavyotanuka ndivyo ukuta unavyobeba mzigo mkubwa zaidi, hivyo panatanuka tena. Hiyo ndiyo aota. Ili kuitengeneza ni lazima ufunge maji juu ya pale palipotuna, yaani daktari abane aota kwa kibanio, chini kidogo ya mishipa ya figo. Sasa moyo, ambao ndio chanzo cha maji, unajikuta unasukuma dhidi ya lango lililofungwa. Moyo wenye afya huvumilia. Moyo ambao shina lake la kushoto limebaki na upenyo wa robo unaweza kusimama mezani. Na lango likifunguliwa, presha hushuka ghafla, na damu iliyokaa miguuni hurudi imejaa asidi na potasiamu. Moyo hupigwa mara ya pili.

"Basi si waanze na moyo," alisema mwanawe wa kwanza. "Apumzike miezi mitatu, ndipo warudi tumboni."

Ni jibu la busara, na kwa wagonjwa wengi ndilo sahihi. Moyo kwanza, wiki kadhaa baadaye aota. Shida ya mpango ule kwa mzee huyu ni wiki zenyewe za katikati. Kila mtu huzungumzia siku ya kwanza ya kisu na siku ya pili ya kisu, wachache huzungumzia siku zilizo baina yao. Baada ya kifua kufunguliwa, presha hupanda na kushuka, maumivu huja, mgonjwa anakohoa kwa nguvu, mwili mzima uko kwenye hali ya uvimbe wa kujitibu, na hali hiyo inadhaniwa kuumega ukuta ambao tayari ni mwembamba. Zimeripotiwa anyurizimu zilizopasuka siku au wiki chache baada ya upasuaji wa moyo uliokwenda vizuri kabisa. Kwa anyurizimu ya sentimita 5.6 isiyouma ningezikubali wiki hizo. Kwa 6.9 inayouma nisingeweza.

Zilikuwepo njia nyingine na jopo la madaktari lilizipitia zote. Kuweka stenti, kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi, kwenye shina la moyo badala ya kupasua kifua: chokaa na panda viliifanya kazi hiyo kuwa ya hatari, na baada ya stenti mgonjwa hunywa dawa mbili za kuzuia damu kuganda. Upasuaji mkubwa husubiri angalau miezi 3 hadi 6. Ukizikata dawa hizo mapema stenti inaziba, ukizibakiza mgonjwa anavuja damu tumboni. Zilikuwa wiki zilezile za katikati, zimerefushwa tu.

Kuziba anyurizimu kwa ndani, kwa bomba linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, jinsi Juan Parodi alivyoanza kufanya kwa aota ya tumbo huko Buenos Aires mwaka 1990: hii ningeipenda sana. Haibani aota, moyo hausukumi lango. Duniani sasa ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa kwa mtu mwenye moyo dhaifu, na sehemu nyingi imezifanya operesheni mbili kwa mpigo kuwa chache. Lakini bomba la kawaida linahitaji shingo, kipande cha aota nzima chini ya mishipa ya figo ambapo litashika, cha angalau milimita 10 na ikiwezekana 15. Mzee alikuwa na milimita 7. Yapo mabomba yenye matundu kwa ajili ya mishipa ya figo, hutengenezwa kwa kipimo cha mtu, na kutengenezwa kwake huchukua wiki.

Njia ya tatu ilikuwa kuiacha mishipa ya moyo, kutibu moyo kwa dawa na kutengeneza aota peke yake. Watu hushangaa nikisema kwamba mara nyingi hivyo ndivyo inavyopaswa. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani uliohusisha wagonjwa 510 waliokuwa wanasubiri upasuaji wa mishipa mikubwa. Nusu walitengenezwa mishipa ya moyo kwanza, nusu hawakuguswa. Baada ya miaka 2.7 waliokuwa wamefariki walikuwa asilimia 22 upande mmoja na 23 upande mwingine. Kutengeneza moyo kama kinga hakukuokoa watu. Utafiti ule ndio unaonizuia kumpeleka kila mwenye anyurizimu kwenye kisu cha moyo. Lakini lazima uusome mpaka kwenye orodha ya walioachwa nje. Waliachwa nje wenye shina la kushoto lililoziba kwa nusu au zaidi. Waliachwa nje waliohitaji upasuaji wa haraka. Mzee wetu alikuwa na vyote viwili.

Ikabaki kufanya yote kwa usingizi mmoja. Operesheni zenyewe si ngeni: Charles Dubost alibadilisha aota ya tumbo iliyovimba huko Paris mwaka 1951, na René Favaloro alianza kupandikiza mishipa ya mguu kwenye moyo kule Cleveland mwaka 1967. Kuziunganisha ndiko kunakogharimu. Saa nyingi mezani, damu nyingi, mwili unaopoteza joto kupitia majeraha mawili makubwa, mapafu yanayotakiwa kufanya kazi baadaye huku kifua na tumbo vyote vinauma. Kufanya hivi kwa mtu ambaye angeweza kusubiri ni kumwongezea hatari bila sababu.

Nililieleza hilo bila kulipamba. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha mzee, ambaye tulikuwa tunamjadili akiwepo, alimwomba mwanawe ampe simu.

"Daktari, mimi najijua. Wakinifungua mara moja nikaamka, narudi Kibosho. Hamtaniona tena. Kama ni kufanya, wafanye nikiwa nimelala."

Sentensi hiyo ilikuwa na uzito kuliko asilimia zangu. Mpango wa hatua mbili unafaa ikiwa hatua ya pili itafanyika, na wapo wengi ambao hatua ya pili haikufanyika: fedha za familia zimeisha, maumivu ya kwanza yamewavunja moyo, au wameanza kujisikia vizuri na hawaoni sababu. Mzee alikuwa ametupa taarifa ya kitabibu ambayo hakuna mashine ingeitoa.

Operesheni ilichukua zaidi ya saa saba. Naieleza kama nilivyoisoma kwenye ripoti na kama daktari wa usingizi alivyonisimulia. Walifungua kifua, wakachukua mshipa unaopita nyuma ya mfupa wa kifua na kuushona kwenye mshipa mkuu wa mbele ya moyo. Mishipa miwili zaidi waliitoa mguuni. Hapo alikuwa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Moyo ulipoanza tena, walimtoa kwenye mashine na kusubiri. Kusubiri huko ndiko kulikoamua. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba moyo ukisuasua wangefunga kifua na kuacha tumbo, hata kama ingemaanisha kurudi baada ya siku chache. Haukusuasua.

Kisha damu. Mashine ya moyo inahitaji damu isiyoganda kabisa, kwa heparini nyingi. Kufungua tumbo ukiwa na damu ya namna hiyo ni kualika mafuriko. Wakaifuta heparini kwa protamini, wakafungua tumbo kifua kikiwa kimefunikwa kwa vitambaa lakini hakijafungwa, ili waufikie moyo kwa sekunde chache ukiyumba. Wakatoa heparini kidogo upya, wakabana aota. Ripoti imeandika dakika 48. Kwa dakika 48 moyo uliotengenezwa saa tatu nyuma ulisukuma dhidi ya lango lililofungwa, na mistari ya kipimo cha umeme wa moyo haikubadilika. Walishona mshipa bandia wa dakroni mahali pa ule uliooza, wakafungua kibanio kidogo kidogo, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Alitumia chupa sita za damu, mbali na ile yake mwenyewe iliyosafishwa na kurudishwa.

Daktari wa usingizi aliniambia kwamba ukuta wa anyurizimu, upande wa nyuma kuelekea mgongoni, ulikuwa mwembamba kiasi cha kuona rangi ya damu iliyoganda ndani yake. Hapo ndipo palipokuwa panauma.

Hakupona kwa urahisi. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku mbili. Siku ya tatu mapigo yalivurugika, yakarekebishwa kwa dawa. Figo zilishtuka: kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ilipanda kutoka 118 hadi 260 kabla ya kuanza kushuka, na kwa siku mbili walizungumzia kumsafisha damu. Utumbo ulinyamaza kwa siku tano. Hilo lilinitia hofu kuliko yote, kwa kuwa mshipa mmoja wa utumbo mpana hutoka kwenye kipande cha aota kinachobadilishwa, na utumbo uliokosa damu huua polepole. Mama alinipigia kila jioni. Siku ya sita alipiga asubuhi, na nilipoona namba yake saa ile mikono ilinitetemeka. Alitaka kuniambia kwamba mzee amepata choo.

Aliruhusiwa siku ya 19. Bima ililipa sehemu, kwa sehemu nyingine familia iliuza ng'ombe wawili na kiwanja, na hilo ninaliandika kwa sababu ni sehemu ya kisa. Familia ilizijua hesabu hizo ilipokuwa inatoa uamuzi, na usingizi mmoja badala ya miwili nao ulikuwa na bei yake.

Kuna mwenzangu ninayemheshimu anayesema tulikosea: kwamba maumivu ya mgongo yangeweza kuwa ya pingili, kwamba kwa presha iliyotulia mzee angevuka wiki nne. Inawezekana. Nimeirudia hoja yake mara nyingi. Ninachoshika ni ule ukuta wa nyuma, na ninajua kwamba hatukuwa tumeuona wakati wa kuamua. Tulikuwa na kidole tu kinachogandamiza na mzee anayesema panachoma. Kama angekuwa na shina la moyo lililo wazi, ningetetea aota peke yake. Kama anyurizimu ingekuwa na sentimita 5.5 na imetulia, ningetetea moyo kwanza na kumfuata hadi kihambani arudi kwa hatua ya pili.

Alikuja Moshi wiki ya nane. Kovu limeanza chini ya shingo na kuishia chini ya kitovu, karibu mstari mmoja, limeachana kwa vidole vitatu tu. Nilipapasa mapigo ya miguu yote miwili, yapo. Nilimlaza, nikaweka mikono tumboni, pametulia. Mama akasema sasa anasimama mara moja tu, kwenye daraja la mfongo, na anasimama ili aongee na watu.

Alikuwa amekuja na mdogo wake, miaka 61, fundi makenika, mvutaji. Nilikuwa nimewaagiza ndugu zake wa kuzaliwa waje wote kwa sababu ugonjwa huu hupita katika familia. Huyu ndiye aliyekubali. Alisema yeye ni mzima, amemsindikiza kaka tu. Nilimwomba apande kitandani, apandishe shati. Vidole havikuniambia kitu, tumbo lake ni nene. Ultrasaundi ilisoma sentimita 4.1. Anarudi kupimwa baada ya miezi 12.